Kabla ya Kiunzi cha Kwanza

Sekunde 11. Huo ndio muda ambao mbwa wangu, Chiriku, alikuwa pamoja nami katika mashindano yake ya kwanza ya kuruka na kupita vikwazo. Aliruka kiunzi cha kwanza, akaruka cha pili, halafu mbele ya handaki akainamisha kichwa na kuanza kunusa nyasi, taratibu, kama aliyepoteza kitu pale na sasa anakitafuta. Nilimwita. Nikamwita tena kwa sauti iliyopanda. Akanitupia jicho la pembeni, akageuka, akakimbia hadi kwenye kamba walikosimama watazamaji, akampitia mwamuzi kwa mbali, kisha akauzunguka uwanja mzima mkia ukiwa chini. Kipenga kikalia. Nilimpata karibu na mlango, nikamfunga mkanda, tukatoka.

Nilitoka nikiwa na hakika kwamba mbwa yule hakuwa tayari kwa sababu hakuvijua vikwazo vya kutosha. Nilikosea, na ilinichukua karibu mwaka mzima kulirekebisha kosa hilo. Naandika haya kwa sababu kila msimu namwona mtu mwingine akitoka uwanjani na uso uleule niliotoka nao siku ile, na nyuma yake mbwa anatembea kwa mashaka, asijue amekosa nini.

Kwa asiyeufahamu, mchezo wenyewe huitwa ajiliti. Mwamuzi hupanga vikwazo uwanjani na kuvipa namba, na mbwa anatakiwa avipite kwa mfuatano huo, bila kosa, ndani ya muda uliowekwa. Vipo viunzi vya kuruka. Lipo handaki la kitambaa kizito, mara nyingi limepinda kiasi kwamba mbwa akiingia haoni atakakotokea. Zipo fito 12 zilizosimama wima, ambazo hupitwa kwa kujipinda kushoto na kulia. Halafu vipo vile vitatu vya kupanda: daraja jembamba lililoinuka zaidi ya mita moja, paa lenye miteremko miwili kama paa la nyumba, na ubao wa mizani ambao huinama mbwa akishavuka katikati. Kwa kanuni za FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, njia moja huwa na vikwazo 15 hadi 22. Kila kosa ni pointi 5. Mbwa akisimama mbele ya kikwazo au akikikwepa, anahesabiwa amekataa, na akikataa mara tatu anaondolewa. Akipita kikwazo kisicho zamu yake, anaondolewa papo hapo.

Mchezo huu ulizaliwa London mwaka 1978, kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts. Ilitakiwa burudani ya kujaza muda kati ya shughuli mbili, na John Varley wa kamati ya maonyesho, akisaidiwa na mkufunzi Peter Meanwell, akaazima wazo kutoka kwenye mashindano ya farasi ya kuruka viunzi. Nilipoisoma habari hiyo mwanzoni niliichukua kama maelezo kamili: kumbe ni kuruka, basi nitamfundisha kuruka. Sikuona tofauti iliyokuwa mbele ya macho yangu. Farasi ana mtu mgongoni, na mtu yule ana hatamu mkononi na mapaja ubavuni mwa mnyama. Wanaambizana kwa ngozi. Mbwa wa ajiliti hana hata kola shingoni, kwa sababu kanuni za FCI zinamtaka akimbie bila kola, na mimi siruhusiwi kumgusa, wala kushika chakula, wala kubeba mpira wake. Kinachobaki kati yetu ni sauti yangu, mabega yangu na miguu yangu. Vikwazo ni sehemu ndogo ya mambo. Sehemu kubwa ni hiyo hewa iliyopo kati ya mtu na mbwa wake.

Chiriku alikuja kwangu akiwa na umri wa wiki 9. Ni mbwa jike, mchanganyiko wa damu nyingi, mweusi mwenye kifua cheupe. Usiku wa kwanza hakunyamaza hata saa moja, ndiyo maana nikampa jina la yule ndege asiyefunga mdomo. Alikuwa mwepesi, mwenye kupenda kukimbia, na kila aliyemwona aliniambia nimwanzishe mapema. Samaki mkunje angali mbichi, waliniambia. Kwa adabu za nyumbani, methali hiyo ni kweli tupu. Kwa kuruka, ni hatari. Mifupa ya mbwa mchanga ina sehemu laini za kukulia karibu na viungo, nazo hazijakaza mpaka mbwa atimize mwaka, na kwa mbwa wakubwa huchukua muda zaidi. Kumrusha juu kabla ya hapo, tena na tena, ni kumwandalia maumivu ya uzeeni. FCI yenyewe haimruhusu mbwa kushindana kabla hajafikisha miezi 18, na katika hilo naiunga mkono bila kusita. Kama kuna mtu anakuhimiza umrushe mtoto wa mbwa wa miezi sita juu ya kiunzi cha urefu wa kawaida, muulize kwanza nani atamtibu magoti.

Kwa hiyo mwaka wa kwanza hatukuruka. Tulipita katikati ya nguzo za viunzi ambazo fimbo yake imelazwa chini. Tulitembea juu ya ubao uliowekwa ardhini. Tulirudi nyuma hatua kwa hatua, na tulipita ndani ya ngazi iliyolazwa chini, mguu mmoja kila nafasi, kwa sababu mbwa wengi huijua vizuri miguu yao ya mbele na kuiacha ile ya nyuma ifuate itakavyo. Mbwa asiyejua miguu yake ya nyuma iko wapi ndiye anayeteleza darajani. Yalikuwa mazoezi ya kuchosha kuyatazama, lakini mpaka leo nayaona kuwa ndiyo mazoezi bora kuliko yote tuliyowahi kufanya.

Fito zilimwingia polepole. Tulizipanga kwanza katika mistari miwili, zikaacha ujia mpana katikati, akawa anapita moja kwa moja kuifuata nyama iliyokuwa mbele. Kila baada ya siku chache nilisogeza mistari ikaribiane kwa upana wa vidole viwili. Mpaka ujia unaziba, mwili wake ulikuwa umeshajifunza kujipinda wenyewe bila mimi kusema neno. Kuna sharti moja ambalo halina msamaha: mbwa lazima aingie huku ufito wa kwanza ukiwa kwenye bega lake la kushoto, hata akija kutoka upande gani, hata akija kwa kasi gani. Hilo tulilirudia kutoka kila pembe, kama mtu anayejifunza kufungua mlango wa nyumba yake gizani.

Ubao wa mizani ndio uliotukalia miezi minne. Chiriku hakuogopa kupanda. Aliogopa kishindo. Ubao ukigonga ardhi hutoa mlio mkavu, na mbwa huusikia kwa masikio na kwa nyayo kwa wakati mmoja. Siku ya kwanza alikuwa na ari, akaupanda mwenyewe nami nikamwacha, nikifurahi kwamba tumeokoa wiki nzima za mazoezi. Ubao ukashuka, ukapiga, naye akaruka pembeni kabla haujatulia. Tangu siku hiyo hata tukiupita kwa mbali alikuwa ananywea, masikio yamelala, mwili wote ukivutwa upande wa pili.

Nilianza upya na kibao cha urefu wa mkono wangu, nikiwa nimekiegemeza juu ya kipande cha mti, na chini ya ncha yake nimeweka taulo lililokunjwa. Akikigusa kwa mguu mmoja, nasema "Ndiyo!" na nyama inafuata. Kwa siku mbili hakukigusa kabisa. Alikaa, akakitazama, akanitazama mimi. Siku ya tatu akaweka mguu, kibao kikainama, kikatoa sauti ndogo ya "tu", akarudi nyuma hatua moja. "Ndiyo!" Akala. Akaweka mguu tena. Wiki ya tatu taulo lilikuwa limeshaondoka, na yeye alikuwa anakipiga kibao kwa miguu miwili kwa makusudi, kisha ananigeukia kudai haki yake. Kishindo kilikuwa kimegeuka kuwa chake, kitu anachokifanya yeye badala ya kitu kinachomfanyia yeye. Hapo ndipo nikamrudisha kwenye ubao wenyewe. Niliweka meza chini ya ncha ili ishuke sentimita mbili tu, kisha tano, kisha kumi, mpaka meza ikaondoka.

Naieleza habari ya ubao kwa kirefu kwa sababu somo lote lilikuwa pale na mimi nililipita. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu kwamba mbwa anayejua kupanda anaweza kushindwa kwa sababu ya sauti. Nilikuwa nimeona dawa yake ni nini. Halafu nikampeleka kwenye mashindano, mahali penye sauti mia ambazo hajawahi kuzisikia, nikadhani kwamba kwa kuwa anavijua vikwazo, basi anaujua uwanja.

Kabla sijafika kwenye siku ile, niseme kidogo juu ya miguu yangu. Nilianza kujirekodi kwa simu nikiwa mazoezini, nia yangu ikiwa kumtazama Chiriku. Nikajikuta najitazama mimi. Kuna kipande kimoja ambacho nimekiangalia mara nyingi. Nasema "handaki", kwa sauti safi kabisa, na mkono wangu umenyooka kuelekea handaki. Lakini vidole vya miguu yangu vinaelekea kiunzi kilichopo kushoto, na bega limefuata vidole. Chiriku anakwenda kiunzini. Ninasikika nikimwambia "Hapana!" na yeye anasimama, anashusha mkia. Mbwa yule alinifuata kwa uaminifu wote alionao, na akakemewa kwa sababu hiyo. Niliona haya. Tangu hapo neno "hapana" nimeliondoa kabisa kwenye mazoezi yetu. Akienda siko, nanyamaza, nampa nyama kwa kazi aliyoifanya, kisha narudi kwenye video kutafuta ni wapi mwili wangu ulimwambia aende huko. Mara nyingi sana napapata.

Siku ya mashindano tulifika mapema. Walimpima begani, akatoka sentimita 41, akapangiwa kundi la kati. Palikuwa na kipaza sauti, mahema, mbwa wasiopungua mia wakibweka kutoka kwenye vizimba vyao, harufu za kila mmoja wao zimetapakaa kwenye nyasi. Chiriku alikuwa anahema ingawa hakukuwa na joto. Nilimpa kipande cha nyama, akakichukua kwa meno makali, karibu aning'ate kidole. Kipande cha pili alikiacha kianguke. Mbwa huyu angeuza chochote alicho nacho kwa nyama, na siku ile aliiacha chini. Nililiona hilo, nikaliita msisimko.

Kabla ya mbio, washindani hupewa dakika chache za kuitembea njia bila mbwa. Nilizitumia kukariri namba. Moja, mbili, handaki, geuka, nne, fito. Niliona bibi mmoja, mshindani mzoefu, akichuchumaa kwenye kila kikwazo kabla ya kwenda kingine. Sikufikiri juu yake zaidi.

Halafu tukaitwa. Nilimkalisha kwenye mstari, nikamvua kola, na sasa nikikumbuka naona jinsi nilivyomvua: kwa haraka, mikono ikitetemeka, bila kumtazama. Nikaenda mbele hadi kiunzi cha pili. Nikageuka. Alikuwa amekaa, anatazama pembeni. Nikamwita. Yaliyofuata nimeshayasema.

Nilikaa kivulini na Chiriku amelala mbali kadiri mkanda ulivyomruhusu. Yule bibi akaja, mbwa wake mdogo mwenye mvi puani akimfuata kisiginoni.

"Umemkasirikia, mwanangu?"

"Hapana, bibi," nikasema, na haikuwa kweli.

"Unadhani alikuwa ananusa nini pale?"

"Labda mbwa mwingine alipita."

"Hakuwa ananusa kitu. Mbwa akizidiwa hujitafutia kazi ndogo ya kufanya, kama vile mtu anavyojikuna shingo akiulizwa swali zito. Alikuwa anakuomba umpunguzie. Ukapandisha sauti, ukamwongezea."

Nikakaa kimya. Akaniuliza kama nimewahi kumleta Chiriku mahali kama pale bila kumshindanisha. Sikuwahi. Akaniuliza kama kuna mtu mgeni amewahi kusimama katikati ya uwanja wetu wa mazoezi, kama mwamuzi anavyosimama. Hapana. Kama Chiriku amewahi kufanya mazoezi wakati mimi sina nyama mfukoni, naye anajua sina. Hapana, bibi. Kila jibu lilikuwa hapana, na hakuna hata swali moja lililohusu vikwazo.

Mwisho nikamuuliza kwa nini alikuwa anachuchumaa. Akaweka kiganja chake usawa wa goti. "Macho yake yako hapa," akasema. "Yeye namba hazioni. Ukichuchumaa pale ulipoharibikiwa, utaona anachokiona."

Uwanja ulipofungwa jioni nilikwenda kuchuchumaa. Kutoka kiunzi cha pili, mdomo wa handaki ulikuwa mweusi kabisa, na juu yake tu, kwa usawa wa macho ya mbwa, lilionekana turubai jekundu la meza ya waamuzi likipigapiga kwa upepo. Nikiwa nimesimama sikuwa nimeliona turubai hata mara moja.

Miezi iliyofuata hatukuandikisha jina popote, ila tulikwenda mashindanoni. Tulikaa mbali, pengine mita 50 kutoka kwenye kamba, mahali ambapo Chiriku bado aliweza kula. Hicho ndicho nilichokitumia kama kipimo: mdomo wake. Akichukua nyama kwa ulaini, tuko salama. Akianza kuichukua kwa meno, tumesogea mno. Akiikataa, nimechelewa kuondoka. Siku ya kwanza tulikaa dakika kumi tukarudi nyumbani. Safari ya nne alilala chali kwenye blanketi lake huku kipaza sauti kikiita majina. Wapo wanaosema mbwa hukomazwa kwa kuingizwa uwanjani mara nyingi mpaka azoee. Sikubaliani nao. Mbwa anayeingia akiogopa na kutoka akiogopa anachojifunza ni kwamba hofu yake ilikuwa na haki.

Suala la nyama lilikuwa gumu zaidi. Chiriku alikuwa amezoea kuiona, na uwanjani haionekani. Nikaanza kuiweka kwenye kopo lenye kifuniko, nikaliacha kopo nje ya uwanja akiona kabisa, kisha tunaingia mikono mitupu. Kiunzi kimoja, halafu "Kopo!" na wote wawili tunakimbia nje kama watoto waliosikia kengele ya kutoka. Baadaye viunzi viwili. Baadaye kimoja tena, ili asihesabu. Baadaye vitano. Neno "kopo" likawa na uzito wa nyama yenyewe. Nilimwomba kila rafiki aliyekubali aje asimame katikati, akiwa na kofia, na mwavuli, na koti refu, atembee kuelekea daraja wakati Chiriku anashuka, kama waamuzi wanavyofanya wanapochunguza sehemu ya rangi.

Sehemu ya rangi inahitaji maelezo yake. Miisho ya daraja, paa na ubao wa mizani hupakwa rangi tofauti, na mbwa lazima aguse hapo angalau kwa unyayo mmoja, hasa akishuka, kusudi asijirushe kutoka juu na kujiumiza. Kwenye daraja la FCI ni sentimita 90. Tulifanya kama wengi wanavyofanya: ashuke asimame, miguu ya nyuma ikiwa bado juu ya ubao na ya mbele chini, mpaka nimwachie. Mazoezini alisimama kama mlinzi wa mlangoni.

Na tukajenga utaratibu wa kuingia. Hili ndilo ninalolithamini kuliko yote. Anakojoa. Tunatembea dakika tano, kwanza polepole kisha kwa haraka, misuli ipate moto. Anazunguka kushoto mara mbili, kulia mara mbili. Anaruka kiunzi kimoja cha chini. Kwenye mstari nachuchumaa, naweka mkono kifuani pake, nasubiri mpaka nausikia moyo wake na wangu umetulia, kisha ndipo navua kola, taratibu, kupitia masikio. Asiponitazama, sisogei. Siku nyingine tulifanya yote hayo, akanitazama, nikamvika kola, tukarudi kwenye kopo bila kuruka chochote. Mtu aliyetuona angeshangaa, lakini Chiriku hakushangaa hata kidogo.

Baadhi ya vyama vina nafasi ya kukimbia bila kuhesabiwa matokeo, ambapo mbwa anaruhusiwa kuzawadiwa kwa kitu cha kuchezea uwanjani. Royal Kennel Club ya Uingereza inayo, na AKC ya Marekani inayo pia. Kama unakoshindana ipo, itumie kabla ya jambo lingine lolote. Kwetu haikuwepo, kwa hiyo mashindano ya pili tuliingia kwenye mbio za viunzi na mahandaki tu, zisizo na vya kupanda, nikiwa nimeshaamua kwamba tutafanya vitano na kutoka. Kwenye cha tatu alisita akainamisha kichwa. Nikasimama. Nikachuchumaa pale pale, nikalitaja jina lake kwa sauti ya nyumbani, nikasubiri. Mwamuzi akainua mkono kuhesabu kukataa, na ilikuwa haki yake. Sekunde mbili, labda tatu. Chiriku akainua pua, akanitazama usoni, mkia ukapanda. Tukafanya cha tatu, cha nne, cha tano, nikapaza sauti "Kopo!" na tukatoka mbio katikati ya njia tukiacha vikwazo kumi na kitu nyuma yetu. Watu walipiga makofi wasijue wanachoshangilia. Nilikuwa nalia.

Kuna jambo moja naomba anayeanza alifikirie kwa moyo wake wote: ile ada uliyolipa, ile safari, yale macho ya watu, hakuna hata kimoja ambacho mbwa wako amekijua. Yeye hakuomba kuja. Ni wewe uliyemleta. Ukiona ameelemewa, mtoe uwanjani kwa furaha, hata kama umebakiza kiunzi kimoja. Mashindano mengine yapo. Imani yake kwako ni moja.

Mwezi uliopita tulikimbia njia nzima ya wanaoanza kwa mara ya kwanza, vikwazo 17, daraja na ubao wa mizani vikiwemo. Niliitembea njia nikichuchumaa kila mahali. Kwenye kona ya nane handaki lilikuwa likimkodolea macho huku zamu ikiwa ya kiunzi cha kulia, na nilijua pale pale kwamba lazima vidole vyangu vimwambie mapema. Vilimwambia. Ubao wa mizani aliupiga kwa miguu yote minne, kishindo kikasikika hadi kwenye mahema, naye akakaa juu yake sekunde nzima akiwa ameinua kichwa. Darajani aliongeza kasi mno. Alisahau kusimama, akaruka juu ya sehemu ya rangi kwa nafasi ya kiganja kimoja, na mkono wa mwamuzi ukapanda. Pointi 5. Alifika kwenye kiunzi cha mwisho akibweka, jina lake likiwa limemstahili, akalifikia kopo kabla yangu.

Alipomaliza kula nilimvika kola na kuanza kumwongoza kuelekea kivulini kwenye blanketi lake. Mkanda ukakaza. Nilipogeuka alikuwa amesimama, kifua mbele, masikio juu, ananivuta kurudi kwenye mlango wa uwanja.